Robert Scot: Mchongaji wa dhahabu ya Marekani ambaye makosa yake leo ni mali

Toa sarafu mfukoni uiangalie vizuri. Ya shilingi 5, ya 10, yoyote ile. Sasa chukua nyingine ya thamani hiyo hiyo uziweke pamoja. Zinafanana kama mapacha, sivyo? Herufi ziko pale pale, ukingo ni ule ule, hakuna kilichozidi wala kupungua. Mashine imefanya kazi yake na hakuna aliyekuna kichwa.

Sasa fikiria nchi nzima ambayo sarafu zake zote, kuanzia nusu senti ya shaba hadi dhahabu ya dola 10, zinategemea mkono wa mtu mmoja mwenye nyundo. Akiruka herufi, taifa limeruka herufi. Akihesabu nyota vibaya, basi nyota ni hizo, na watu watanunua unga nazo hivyo hivyo.

Mtu huyo aliitwa Robert Scot. Kwa wanaokusanya sarafu za zamani hilo ni jina kubwa, la kusifiwa na wengine na kutukanwa na wengi. Alikuwa mchongaji mkuu wa kwanza wa kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani kule Philadelphia, tangu Novemba 1793 hadi alipofariki Novemba 1823. Miaka 30 kwenye kibarua kimoja, msomaji. Vitabu vingi vya karne ya 20 vilimwandika kama fundi butu aliyeshikilia kiti kuliko kipaji chake. Lakini ukifuata maisha yake taratibu, unaanza kujiuliza kama lawama hizo zote zilimfaa.

Scot alizaliwa mwaka wa 1745 mjini Edinburgh, Uskoti. Alianza kwa kujifunza ufundi saa, kisha akaingia kwenye uchongaji. Uchongaji wa siku hizo haukuwa wa vinyago. Unachukua bamba la shaba, unalikwaruza kwa kichuma chenye ncha kali, mstari mmoja mwembamba baada ya mwingine, na unachora kila kitu kinyumenyume kama unavyokiona kwenye kioo, ili wino ukipigwa kwenye karatasi kitokee sawa. Mkono ukitetemeka, bamba limeharibika. Ni kazi ya watu wenye subira na macho makali.

Mwaka wa 1775 tunampata Virginia, ng'ambo ya bahari. Ulikuwa mwaka mbaya wa kuhamia huko, au mzuri, kutegemea unavyouangalia, kwa sababu ndio mwaka makoloni yale yalianza kupigana na Uingereza. Vita vinataka pesa na makoloni hayakuwa na dhahabu. Wakafanya kile serikali zisizo na kitu hufanya: wakachapisha noti. Na pakiwa na noti, wahuni wa noti bandia hawako mbali. Hapo ndipo Scot alipata riziki. Alichonga mabamba ya noti za Virginia, kazi ambayo lengo lake lilikuwa kumshinda mwizi kwa mistari midogo asiyoweza kuiiga.

Ilipofika 1781 alihamia Philadelphia na kuanza kujitangaza kama mtu aliyewahi kuwa mchongaji wa jimbo la Virginia. Wanahistoria wengi wanamtaja kama ndiye aliyechonga muhuri mkuu wa kwanza wa taifa mwaka wa 1782, ule wenye tai, ngao, tawi la mzeituni na mishale. Kumbuka huyo tai. Tutarudi kwake, maana ndiye aliyemletea Scot maneno mengi.

Wakati huo noti za vita zilikuwa zimeshakufa. Thamani yake iliporomoka hadi watu wakawa hawazitaki kabisa. Ndiyo maana viongozi walipoketi kupanga nchi mpya walitaka kitu ambacho huwezi kukichapisha usiku ukiwa umefilisika: fedha na dhahabu. Sheria ya sarafu ilipitishwa tarehe 2 Aprili 1792. Sarafu ya dhahabu ya dola 10 iliitwa tai, ya dola 5 ikawa nusu tai, na ya dola 2.50 robo tai. Dhahabu yenyewe ilikuwa ya karati 22, yaani sehemu 11 kati ya 12 dhahabu tupu, na tai mmoja alikuwa na uzito wa takriban gramu 17.5.

Kuna waliotaka sura ya rais iwekwe kwenye sarafu. Bunge likakataa. Hayo ni mambo ya wafalme, na wao walikuwa wametoka tu kumfukuza mfalme. Badala yake iwekwe alama ya Uhuru, ambayo mafundi waliichora kama mwanamke. Wewe Mkenya hili halikushangazi. Katiba yetu ya 2010 ilisema sarafu na noti zisiwe na picha ya mtu yeyote, na mwisho wa 2018 ndipo ukaona twiga, kifaru, simba na ndovu wakichukua nafasi ya marais.

Kiwanda kilijengwa Philadelphia, ambako ndiko kulikuwa makao makuu ya nchi kwa wakati huo. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa David Rittenhouse, mtaalamu wa nyota aliyekuwa akijiundia vifaa vyake mwenyewe. Kazi ya kuchonga ilikuwa imwendee msanii mmoja mahiri aitwaye Joseph Wright, lakini mwaka wa 1793 homa ya manjano iliingia mjini ikaua takriban watu 5,000. Wright alikuwa mmoja wao. Tarehe 23 Novemba mwaka huo Scot akateuliwa. Alikuwa na miaka 48 na mshahara wake ulikuwa dola 1,200 kwa mwaka.

Dhahabu haikuanza mara moja, na sababu yake inachekesha. Sheria ilidai mkuu wa ugongaji sarafu na mpimaji wa usafi wa dhahabu waweke dhamana ya dola 10,000 kila mmoja kabla ya kugusa madini ya thamani. Mkuu huyo wa ugongaji, Henry Voigt, alikuwa akilipwa dola 1,500 kwa mwaka. Angezitoa wapi 10,000? Kama umewahi kuomba kazi ukaambiwa ulete vitu ambavyo ungekuwa navyo usingekuwa unaomba kazi, unamwelewa. Kwa hivyo kiwanda cha kitaifa kikakaa kikigonga shaba tu, hadi Bunge lilipopunguza dhamana hiyo mwaka wa 1794.

Oktoba 1794 zikatoka dola za kwanza za fedha, 1,758 kwa jumla, kwa mchoro wa Scot. Mashine iliyokuwepo ilikuwa ndogo mno kwa sarafu kubwa kama hiyo, na nyuso za mihuri hazikuwa zimelala sambamba. Matokeo? Nyota za upande wa kushoto hazikujitokeza vizuri. Ukiona mojawapo leo utadhani imefutwafutwa, kumbe ilizaliwa hivyo. Ila usiicheke. Moja iliyo safi kuliko zote iliuzwa mnadani Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10.

Kisha, tarehe 31 Julai 1795, nusu tai 744 za dhahabu zikakabidhiwa. Hizo ndizo za kwanza kabisa. Septemba wakafuata tai wazima 1,097. Rittenhouse alikuwa ameshajiuzulu na hakupata kuiona dhahabu ikitoka kiwandani chini ya usimamizi wake.

Ili uelewe makosa yalivyoingia, lazima uelewe muhuri ulivyotengenezwa. Unaanza na gogo fupi la chuma cha pua kilicholainishwa kwa moto. Sura ya yule mwanamke inagandamizwa katikati kwa chapa moja kubwa. Halafu kila herufi inapigwa peke yake. Una kichuma chenye L, unakishika wima, unapiga nyundo. Unachukua cha I, unapiga. Cha B. Hivyo hivyo mpaka uandike LIBERTY, na yote kinyumenyume. Nyota vilevile, moja baada ya nyingine, ukikisia nafasi kwa jicho. Tarehe ndiyo humalizia. Muhuri ukishakamilika unachomwa hadi uwe mwekundu kisha unatoswa majini ghafla ili uwe mgumu. Hapo ndipo moyo humdunda fundi, kwa maana chuma cha wakati huo kilikuwa cha kubahatisha na mihuri mingi ilipasuka, mingine kwenye maji, mingine baada ya kugonga sarafu chache tu. Kazi ya siku kadhaa, kwisha.

Na Scot hakuwa akichonga aina moja ya sarafu. Sheria ilitaja kumi, na kila moja ina pande mbili. Kwa muda alikuwa na msaidizi, John Smith Gardner, naye akaondoka 1796. Isitoshe, dhahabu yenyewe haikuwa mali ya kiwanda. Wenye benki na wafanyabiashara walileta vipande vyao, kiwanda kikavigeuza sarafu na kuwarudishia bila malipo. Kwa hivyo kulikuwa na watu mlangoni wakiuliza pesa zao ziko wapi.

Sasa tazama nusu tai mmoja wa 1795. Upande wa nyuma pameandikwa UNITED STATES OF AMERICA kama kawaida. Lakini angalia kwa makini ile S ya mwisho ya STATES. Chini yake kuna alama za D. Aliyeshika nyundo alikuwa ameandika STATED! Mimi naona wazi ilivyotokea: mkono ulikuwa umetoka tu kumaliza UNITED, ukafika kwenye ST-A-T-E, na kwa mazoea ukaenda kuchukua D tena. Wewe hufanya hivyo hivyo kwenye simu, tofauti ni kwamba una kitufe cha kufuta. Yeye alikuwa na chuma. Kutupa muhuri mzima kwa herufi moja? Haiwezekani. Akapiga S juu yake, maisha yakaendelea.

Kwenye tai wa mwaka huo huo, ndege amesimama juu ya tawi la mtende lenye majani 13. Lakini muhuri mmoja una majani 9 tu. Wenye kulisaka tawi hilo la majani 9 wanajua bei yake.

Mwaka wa 1798 kuna nusu tai mwenye nyota 14 juu ya kichwa cha ndege badala ya 13. Nyota moja imeingia bila mwaliko. Robo tai wa 1804 ana kituko kingine: wengi wao wana nyota 14, na wale wenye 13, walio sahihi, ndio adimu. Hapo kosa ndilo la kawaida na usahihi ndio unaotafutwa kwa tochi. Na kuna siri nyuma yake. Robo tai na sarafu ya fedha ya senti 10 zilikuwa na upana unaolingana, na hakuna iliyoandikwa thamani yake. Ndiyo, umesoma vizuri: sarafu za dhahabu za mwanzo za Marekani hazikuwa na namba ya thamani popote. Ulitakiwa kujua tu kwa rangi, ukubwa na uzito. Basi kiwanda, kwa kubana matumizi, kilikuwa kikitumia muhuri ule ule wa nyuma kwa dhahabu ya dola mbili na nusu na kwa fedha ya senti 10. Kosa likiwa kwenye muhuri, linahama nao.

Nyota zenyewe zilimsumbua Scot kwa sababu nyingine ambayo haikuwa yake. Kila nyota ya upande wa mbele ilisimamia jimbo. Mwaka wa 1795 majimbo yalikuwa 15, akachonga 15. Juni 1796 Tennessee ikajiunga, akaanza kubana 16. Ndiyo maana nusu tai wa 1797 wanapatikana wa nyota 15 na wa nyota 16. Hapo wakubwa wakatambua kwamba nchi ikizidi kukua, mwanamke yule atazikwa na nyota. Ikaamuliwa warudi kwenye 13 za yale makoloni ya kwanza. Hata hivyo upangaji haukutulia: tai wa 1798 wako wenye nyota 9 kushoto na 4 kulia, na wengine 7 kwa 6. Wa aina ya kwanza waligongwa 900, wa pili 842.

Na hao wote wa 1798 wana kitu kingine. Ile 8 ya mwisho imepigwa juu ya 7. Hapa wengi hupiga kelele kwamba ni kosa, lakini mimi sikubaliani. Muhuri wa mwaka jana bado mzima, hujapasuka, chuma ni ghali, kwa nini uutupe kwa sababu ya namba moja? Unapiga namba mpya juu ya ile ya zamani. Nusu tai wa 1796 wenye tai mdogo nyuma wote wana 6 juu ya 5. Wa 1802 wote, zaidi ya 53,000, wana 2 juu ya 1. Wa 1803 wote wana 3 juu ya 2. Mtu hakosei mwaka mzima kwa bahati mbaya. Huo ni ubahili wa serikali changa, na hasla yeyote aliyewahi kuvaa viatu vya kakake atauelewa.

Hata mikwaruzo unayoiona kwenye dhahabu hiyo ina maelezo. Kabla ya kugongwa, kila kisahani cha dhahabu kilipimwa kwenye mizani. Kikiwa chepesi kinarudishwa kuyeyushwa. Kikiwa kizito kidogo kinakwanguliwa kwa tupa hadi uzito ukae sawa. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake. Wawili wa kwanza, Sarah Waldrake na Rachael Summers, waliajiriwa 1795 kwa senti 50 kwa siku. Piga hesabu: kila nusu tai waliyokuwa wakiikwangua ilikuwa na thamani ya siku 10 za jasho lao. Mistari ya tupa zao bado inaonekana kwenye sarafu kadhaa leo. Wanunuzi wengine huichukia. Mimi ningelipa zaidi kuipata.

Halafu kuna homa. Ile ya manjano haikuja mara moja ikaenda. Ilirudi 1797, 1798 na 1799, na kila ilipochacha kiwanda kilifungwa, watu wakakimbia mji na mihuri ikahifadhiwa. Waliporudi walichukua iliyokuwepo. Wataalamu wengi wanaamini hivyo ndivyo tulivyopata nusu tai mwenye tarehe 1795 mbele, lakini nyuma ana tai mkubwa mwenye ngao kifuani, mchoro ambao mwaka wa 1795 haukuwepo kabisa. Ni kama picha yako ya darasa la nane, lakini mkononi umeshika simu iliyotoka mwaka jana. Kinyume chake pia kipo: nusu tai wa 1798 mwenye yule tai mdogo wa zamani nyuma. Wa aina hiyo wanaojulikana duniani hawafiki kumi.

Tumefika kwa huyo tai mkubwa sasa. Nilikuambia umkumbuke.

Kwenye muhuri mkuu wa taifa, tai ameshika tawi la mzeituni kwa mguu wake wa kulia na mishale kwa wa kushoto. Katika elimu ya ngao na nembo za Ulaya, kulia ndio upande wa heshima. Maana yake ni kwamba nchi hii inatanguliza amani, ila silaha iko karibu. Scot alipomweka tai huyo kwenye dhahabu, kuanzia robo tai wa 1796, aligeuza. Mishale kulia, mzeituni kushoto. Vita kwanza.

Kuna wanaosema alichanganyikiwa tu. Anayechonga kinyumenyume siku nzima anaweza kabisa kupoteza kushoto na kulia. Wengine wanasema alikusudia: zilikuwa siku ambazo Ufaransa ilikuwa ikikamata meli za Marekani, na kufikia 1798 nchi hizo mbili zilikuwa zikipigana baharini bila kutangaza vita. Huenda ndege alitakiwa kuonyesha meno, kama ndege ana meno.

Mimi nikiulizwa nitasema hivi. Kama kweli ni yeye aliyechonga ule muhuri wa 1782, alijua mishale inakaa wapi. Na hata kama si yeye, mchoro huo ulipigwa kwenye dhahabu na fedha hadi 1807, mbele ya macho ya wakurugenzi, wabunge na marais watatu. Kosa la kushoto na kulia linalodumu miaka zaidi ya kumi bila mdosi kusema neno si kosa la mchongaji peke yake. Ama walikubali, ama hawakuangalia. Lakini jina linalobeba mzigo ni moja.

Na tusimfanye malaika pia. Mengine yalikuwa uzembe mtupu, iwe nyundo ilikuwa mkononi mwake au mwa wasaidizi wake. Kwenye senti ya shaba ya 1796 kuna iliyosomeka LIHERTY kwa sababu B ilipigwa vibaya. Mwaka wa 1801 ilitoka senti yenye makosa matatu upande mmoja: shada lilikosa kikonyo, U ya UNITED ilionekana kama II, na thamani, ambayo ilipaswa kuwa moja juu ya mia, ikaandikwa moja juu ya sufuri tatu. Mwalimu wako wa hisabati angezimia. Hayo ya shaba hayakuwa na gharama kubwa, lakini yaliongeza minong'ono kwamba Scot amezeeka na macho yake hayaoni tena.

Mwaka wa 1807 mkurugenzi mpya, Robert Patterson, alimwandikia Rais Thomas Jefferson kuomba ruhusa ya kuajiri msaidizi. Barua yenyewe ilikuwa ya adabu. Alimsifu Scot kuwa mtumishi mwaminifu, ila akaeleza kwamba umri umemwendea, na kwamba akiugua au akifa kazi yote itasimama. Aliyechukuliwa ni John Reich, Mjerumani kijana mwenye mkono mzuri sana, kwa dola 600 kwa mwaka, nusu ya mshahara wa Scot.

Hebu jiweke kwenye viatu vya huyo mzee. Ana miaka 61. Anaingia kazini asubuhi anakuta kijana ameketi kwenye meza yake, na kazi ya kwanza ya kijana ni kuchora upya sarafu zako. Reich alianza na ile ya nusu dola na nusu tai. Alibadilisha sura ya mwanamke. Akarudisha mzeituni kulia na mishale kushoto. Na kwa mara ya kwanza dhahabu ikaandikwa thamani yake: 5 D. chini ya ndege. Kila alichorekebisha kilikuwa kama kidole kinachomwelekea Scot.

Ungedhani mzee angeondoka. Hakuondoka. Jefferson akamaliza muhula, akaja James Madison, Scot yupo. Reich naye alifanya kazi miaka kumi kwa zile zile dola 600, bila nyongeza. Wakusanyaji wanaamini alikuwa akiacha alama yake kisirisiri, mkato mdogo kwenye nyota ya 13, kwa sababu hakuna aliyemruhusu kuweka jina. Mwaka wa 1817 alichoka akaacha kazi. Yule aliyetajwa kuwa karibu kufa akabaki peke yake tena na nyundo yake. Jameni, maofisi ya watu!

Mwaka uliofuata, 1818, likatokea kosa ninalolipenda kuliko yote. Kwenye muhuri mmoja wa nusu tai, mahali pa 5 D., mkono ulipiga 5 halafu 0. Dola 5 ikaelekea kuwa 50. Kisha D ikapigwa juu ya ile sufuri, na ukichukua kioo cha kukuzia bado unaiona imejificha nyuma. Nusu dola ya fedha, iliyokuwa ikigongwa kwa wingi zaidi, iliandikwa 50 C., kwa hiyo mazoea ya mkono yalitosha kabisa kufanya hivyo, kama ilivyokuwa kwa ile D ya 1795. Scot alikuwa na miaka 72 au 73. Muhuri mwingine wa mwaka huo huo hauna nafasi kati ya STATES na OF. Zimeshikana kama abiria wa matatu ya jioni.

Aliendelea kuchonga hadi Novemba 1823, akafariki akiwa bado mwajiriwa wa kiwanda, miaka 78. Januari 1824 nafasi yake ikachukuliwa na William Kneass.

Dhahabu yake nyingi haikudumu. Bei ya dhahabu katika masoko ya Ulaya ilipanda kuliko ile iliyowekwa na sheria ya 1792, hivyo nusu tai wa dola 5 akawa na dhahabu ya zaidi ya dola 5. Wafanyabiashara walizikusanya kwa magunia, wakazisafirisha na kuziyeyusha. Bunge lilipunguza uzito mwaka wa 1834, lakini kufikia hapo mwaka baada ya mwaka wa kazi ya Scot ulikuwa umeshageuka uji kwenye tanuri. Mihuri iliyopasuka, S juu ya D, nyota za ziada, zote pamoja na zile zisizo na dosari.

Nusu tai wa 1822, wa mwaka wake wa mwisho kabisa kabla ya ule aliofariki, waligongwa 17,796. Leo wanajulikana watatu. Wawili wamo kwenye makavazi ya Smithsonian na hawauzwi. Wa tatu, ambaye wala hana kosa lolote, aliuzwa mnadani Machi 2021 kwa dola milioni 8.4. Kwa mshahara wake wa dola 1,200, Robert Scot angelazimika kuchonga miaka 7,000 ili amnunue.